Mshipi wa Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamua. Mwaka huu mwanyumba atakaa nchi kavu, na mimi nitakuwa ndani ya mashua.

Jana tulikula chakula cha mchana kwa Baba Mkwe. Mke wangu, dada yake, mume wa dada yake, na mimi. Katikati ya chakula mzee akaweka kijiko chini. Akasema macho yake yanazidi kufifia, na msimu huu wa kuvua samaki aina ya trauti utakuwa wa mwisho kwake. Bwawa linafunguliwa Jumamosi ya tarehe 17. Mashua yake ina viti viwili tu. Atakayekaa naye siku hiyo ndiye atakayeachiwa mashua, pamoja na nafasi yake katika chama cha wavuvi.

Mwanyumba wangu akanyoosha mgongo. Mwanyumba ndiye huyo mume wa dada yake mke wangu. Ni mpima ardhi. Hata kipande cha mkate hukipima kwa macho kabla ya kukichukua.

Sharti ni moja. Jumapili ijayo kila mmoja wetu amletee mzee mshipi wa kuvulia, ule anaoona unalifaa bwawa. Mzee akiupenda wa nani, huyo ndiye wa mashuani.

Niseme ukweli, humu hakuna anayesoma. Mashua siitaki sana. Ninachotaka ni neno moja. Nina miaka kumi na moja tangu nimwoe binti yake. Mwanyumba anaitwa "mwanangu". Mimi naitwa "bwana mizani", kwa sababu nina karakana ya kutengeneza mizani. Bwana mizani, karibu chai. Kama vile nimekuja kusoma mita ya maji.

Na kosa ni langu. Siku ya posa mzee aliniuliza kama najua kuvua. Nikajibu nimekulia majini. Nimekulia ghorofa ya tatu! Mara ya kwanza kunipeleka bwawani, ndoano yangu ilinasa kofia yake ikaiondoa kichwani. Hakunialika tena. Kila msimu ukifunguliwa nalijuta jibu lile upya.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda duka la vifaa vya uvuvi. Mwenye duka ni mama mkavu wa maneno, mji mzima unamwita Mama Ndoano. Nilitaka anieleze kila kitu bila kugundua kwamba sijui chochote. Kazi ngumu. Nilianza kwa kusimama mbele ya rafu na kuguna. Akaniuliza natafuta mshipi wa namna gani. Nikasema mzuri.

Akashusha pumzi, akanieleza taratibu. Katika uvuvi huu ndoano hufungwa manyoya ionekane kama nzi, na nzi huyo hana uzito wowote. Kinachorushwa hasa ni mshipi, nao ndio unaombeba nzi. Ndiyo maana mshipi una namba ya uzito, na namba hiyo lazima ilingane na ya ufito wa kuvulia. Ufito wa mzee ni namba sita. Basi, mshipi namba sita. Halafu kuna mishipi inayoelea, kuna inayozama polepole, na kuna inayozama haraka. Mtu wa bwawani mwenye mshipi mmoja tu, akasema, na achukue unaoelea, ulio mnene upande wa mbele ili uende mbali. Siku nyingi utamtosha. Ile ya kuzama ni ya siku za upepo mkali au jua kali, samaki wanapokaa chini.

Rahisi mno. Nikaingiwa na shaka. Mtu mwenye siri haitoi kwenye kaunta hivihivi.

Nikauliza, kama mtu asiye na haraka, kuna mpima ardhi mmoja mrefu, sijui yeye amechukua upi. Akasema hazungumzii wateja wake. Nikasema ni ndugu yangu. Akasema basi nikamuulize ndugu yangu. Nikanunua ule unaoelea, rangi ya majani makavu, asije akadhani nilikwenda kupeleleza tu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeibiwa! Nimeuweka mshipi kwenye mizani yangu ya sonara, ambayo haikosei. Namba sita haipo. Si gramu sita, si sitini, hakuna sita mahali popote. Nikaandika barua kali ya ukurasa mzima, nikataja uzoefu wangu wa miaka ishirini katika mambo ya vipimo. Nikaipeleka mwenyewe kabla ya saa nne.

Saa saba nikaletewa jibu, limeandikwa nyuma ya barua yangu. Namba hiyo hutokana na uzito wa mita tisa za mwanzo, si mshipi mzima. Wala haupimwi pamoja na kigurudumu cha plastiki ulichozungushiwa. Mwisho ameandika nimsalimie ndugu yangu.

Kigurudumu! Mimi ninayewagombeza wachuuzi kila siku kwa kupima sukari pamoja na mfuko. Nimeichana barua. Anwani yangu ilikuwa bado inasomeka, nikaichana tena.

Alhamisi, 8 Mei

Wazo! Na limetoka kwa mke wangu, ingawa mwenyewe hajui. Asubuhi alikuwa anakumbuka kisanduku cha mishipi ya zamani ya baba yake, jinsi marehemu mama yake alivyokuwa akikipanga. Nikajiuliza kwa nini nihangaike na mshipi mpya. Nimpelekee mzee mshipi wake mwenyewe, umesafishwa, unang'aa. Mpima ardhi hana jibu la kitu kama hicho.

Mchana nikaenda kwa mzee, eti kukagua mizani ya jikoni. Mizani ilikuwa nzima kabisa. Niliifungua na kuifunga mara mbili, kisha nikauliza habari za kisanduku.

Akakileta mwenyewe. Ndani mna vigurudumu tisa vya mbao, kila kimoja na mshipi wake, na kila mshipi umefungwa uzi mfupi kwenye ncha. Uzi wa bluu, mshipi unaelea. Uzi mwekundu, unazama. Ndivyo Mama Mkwe alivyomwekea alama kwa miaka thelathini. Rangi zimepauka, zote kwangu zilionekana kijivu, na mzee naye siku hizi hazioni. Amebaki kubahatisha. Nikasema nitaichukua mishipi, niisafishe, niijue namba zake na nimpangie upya.

Alisita. Akashika uzi mmoja kwa vidole viwili, akauachia.

"Mishipi safisha," akasema. "Nyuzi usiziguse. Alizifunga mama yenu."

Nikamwambia hilo asiwe na wasiwasi nalo. Mama Mkwe alikuwa ananipenda. Kwenye kumimina chai alikuwa akianza na kikombe changu, halafu cha mwanyumba.

Ijumaa, 9 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, karakana. Nilitaka kupima mita tisa za kila mshipi. Lakini uzi nao una uzito. Kidogo, karibu na bure, lakini upo, na mimi siwezi kuandika kipimo ambacho najua si sahihi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaona nizifungue kwa dakika tano tu halafu nizirudishe. Nikazifungua moja moja kwa kibano. Nikazilaza kwenye sahani ya mizani kwa mpangilio wa vigurudumu, wa kwanza hadi wa tisa. Nilisimama kidogo kuusifu mpangilio ule.

Nikageuka kuchukua mshipi wa kwanza. Nikarudi kwenye mizani. Kisha nikafanya ninachofanya kabla ya kila kipimo, mara hamsini kwa siku, kwa miaka ishirini. Nikapuliza sahani kuondoa vumbi.

Dirisha lilikuwa wazi.

Nilitoka mbio. Nikapiga magoti kando ya barabara na suruali yangu ya kazi, nikapekua vumbi kwa kibano. Fundi viatu wa mlango wa pili akauliza nimepoteza nini. Nikasema uzi. Akanionea huruma, akanitolea rola nzima bure. Baada ya saa mbili nikapata uzi mmoja. Ulikuwa wa gunia.

Najuta, na sifanyi mzaha. Mama yule alikaa mahali fulani, akavaa miwani yake, akafunga nyuzi tisa. Mimi nimezipuliza. Na niliambiwa. Niliambiwa kwa maneno mawili tu, hata mtoto angeyashika.

Jumamosi, 10 Mei

Hali si mbaya kama nilivyodhani jana.

Nimepata nyuzi za bluu na nyekundu kwa mshona nguo. Nimeziloweka kwenye chai ya rangi tangu alfajiri, zimepauka vizuri. Mzee mwenyewe haoni. Ikabaki shida moja: upi unaelea na upi unazama? Hilo ni la kujaribu majini tu.

Maji yamekatwa tangu juzi. Nyumba nzima ilikuwa na chombo kimoja kilichojaa, pipa la mke wangu la maji ya chumvi. Huwa anatia humo matango anayowauzia wenye mikahawa. Nikafikiri, maji ni maji. Nilingoja atoke kupeleka oda, nikafungua kifuniko, nikasukuma matango pembeni.

Saba yameelea, mawili yamezama! Mishipi, si matango. Nikafunga nyuzi saba za bluu na mbili nyekundu. Mafundo madogo, ya kupendeza. Kuna mshipi mmoja wa rangi ya maziwa, laini kuliko yote, mzee hakuacha kuupapasa Alhamisi ile. Umeelea kama unyoya. Huo ndio nitakaompa.

Mke wangu aliporudi akauliza kwa nini kifuniko cha pipa kimegeuzwa juu chini. Nikasema upepo. Pipa liko ndani, nyuma ya mlango wa jiko. Alinitazama, akaenda kuosha mikono, akakumbuka hakuna maji.

Jumapili, 11 Mei

Siku imefika, imepita, na nimeshinda. Sijisikii vizuri.

Mwanyumba alianza. Alileta mshipi mweusi mpya, wa kuzama haraka, pamoja na ramani ya chini ya bwawa. Alikuwa ameipima mwenyewe kwa kamba na jiwe, wiki mbili kabla hatujaambiwa lolote, kwa mapenzi tu. Akachora vina kwa penseli za rangi tatu. Aliongea dakika ishirini. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima, na mara moja nilimwona amesinzia.

Zamu yangu. Nikamrudishia kisanduku, nikaweka kigurudumu kimoja mkononi mwake, nikasema ni mshipi wake mwenyewe, nimeusafisha tu. Hotuba nyingine sikuwa nayo, ndiyo maana ikaonekana nina hekima.

Mzee akaupapasa mshipi. Vidole vikafika kwenye uzi, vikasimama. Vikakaa pale muda mrefu. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti. Mezani hakuna aliyegusa chakula.

"Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Usichelewe, mwanangu."

Mwanangu! Niliambiwa mimi, mbele ya mashahidi watatu. Miaka kumi na moja nilikuwa nikijizoeza uso nitakaoweka siku hiyo. Badala yake nikaomba maji. Mke wangu akanibana mkono chini ya meza, macho yamemlegea kwa furaha. Mwanyumba akanipa mkono wa pongezi, kisha akanipa na ramani yake, akasema itatusaidia. Hakuwa na kinyongo hata cha dawa. Mtu wa namna hiyo anaudhi sana.

Neno nimelipata. Nimelipata kwa nyuzi zilizolowekwa kwenye chai.

Jumatano, 14 Mei

Nilipita kwa Mama Ndoano kumwonyesha kwamba mimi si mtu wa kuandikiwa nyuma ya barua. Nikamweleza jinsi nilivyoipanga mishipi ya mzee, saba inaelea, miwili inazama. Akasema ajabu. Bwawa lile lina upepo, na mzee yule siku zote alikuwa akinunua ya kuzama. Akauliza nimeijaribia wapi. Nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. Akauliza kama kwenye pipa hilo yai linaelea. Nikasema ndiyo, mke wangu hujaribu chumvi kwa yai. Akasema basi hata mshipi wa kuzama polepole utaelea humo. Chumvi inabeba. Kwenye maji ya bwawa huenda nusu ya ile saba ikaenda chini.

Nilitoka dukani bila kuaga. Mama Mkwe kwa miaka thelathini hakukosea uzi hata mmoja. Mimi nimefunga makosa yangu mwenyewe na kuyawekea alama yake. Nimekaa karakana mchana kutwa bila kufanya kazi. Mteja mmoja alileta mizani ikakaa mlangoni, akaja akaichukua mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango ulikuwa mzuri. Ule mshipi mpya wa Mama Ndoano, ule unaoelea kwelikweli, niuzungushe kwenye kigurudumu cha mbao cha mzee na kuutoa wa rangi ya maziwa. Kazi ya dakika nne. Nikaufunga kiunoni chini ya shati, mita ishirini na saba, nikaenda.

Nikamkuta mzee amelala kwenye kiti cha sebuleni. Kisanduku kiko mapajani, na mikono yote miwili juu ya kifuniko. Nikakaa mbele yake saa nzima. Kila nikinyoosha mkono, anakohoa.

Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia mwanyumba na kopo la mafuta. Amekuja kupaka mafuta makasia, kwa ajili ya safari yetu! Safari ambayo yeye haendi! Nikalazimika kumshikia kitambaa. Akaniuliza kwa nini kiuno changu kimenenepa ghafla. Nikasema mke wangu anapika vizuri siku hizi.

Mzee akaamka. Akauliza, "Mwanangu, umekuja?" Sote wawili tukaitika.

Hapo ningesema. Wote walikuwepo, chai ilikuwepo, hata nafasi ya kuinamisha kichwa ilikuwepo. Nilikunywa vikombe vitatu nikaenda nyumbani na mshipi wangu kiunoni. Umenikata ngozi pande zote.

Jumamosi, 17 Mei

Upepo tangu tunatoka. Mimi nilishika makasia. Ramani ya mwanyumba ilisema tuelekee kona ya ukuta wa mawe, maji yalipo na kina. Nikashuku. Nani anayempa mshindani ramani ya kweli? Nikapiga makasia upande wa pili, tukaingia kwenye matete, tukakwama robo saa. Nikarudi kwenye kona ya ukuta. Ramani ilikuwa sahihi kwa kila kipimo.

Mzee akarusha. Sijawahi kuona kitu kama kile. Macho hayaoni, lakini mkono ulikwenda nyuma, ukangoja, ukaja mbele, na mshipi ukanyooka juu ya maji wote bila kelele. Mtu mzima nikasahau hofu yangu.

Kisha mshipi ukaanza kuzama. Kwanza ncha, halafu wote, polepole, mbele ya macho yangu. Nilishika kasia kwa nguvu nikitazama viatu vyangu. Mzee akahesabu kwa mnong'ono hadi kumi na mbili, akaanza kuuvuta taratibu. Akarusha tena. Mara ya tatu ufito ukapinda.

Trauti mrefu kuliko mkono wangu toka kiwiko hadi kidole, mwenye madoa ubavuni. Nikamwopoa kwa wavu mara ya pili. Mara ya kwanza nilimgonga kichwa.

Hapa ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mzee alikuwa anacheka peke yake kama kijana. Nami nikasema niliuchagua makusudi. Nikasema niliona dalili za upepo tangu Jumapili, kwa hiyo nikaona mshipi wa kuzama polepole ndio utakaofaa.

Akaacha kucheka. Akapapasa kigurudumu mpaka akaufikia ule uzi.

"Uzi wa bluu?" akauliza.

Nikasema ndiyo, kabla sijafikiri.

"Mama yenu alikuwa wa mkono wa kushoto. Fundo lake lililalia upande wa pili. Nilijua si lake tangu siku ile mezani."

Nikamwambia yote. Kibano, sahani, dirisha, chai, pipa la matango. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Maji yalikuwa yanagonga mashua na mimi nalia kweli. Nikamuuliza kwa nini basi aliniita mwanangu, na hali alijua.

"Mgeni angekuja kuniomba radhi na zawadi mkononi," akasema. "Wewe umeharibu, ukaficha, ukakaa kimya unakunywa chai yangu. Hivyo ndivyo wanavyofanya watoto wangu."

Sikujua nicheke au niruke majini. Akaniacha nijifute uso. Halafu akasema ana jambo moja, na hilo si lake. Nyuzi zile hazikutoka dukani. Za bluu Mama Mkwe alizichomoa kwenye gauni la mke wangu la utotoni, nyekundu kwenye gauni la dada yake. Magauni hayapo tena. Mke wangu alishamwomba baba yake nyuzi za bluu, na akaahidiwa atapewa mzee akiacha kuvua.

"Mwambie mkeo mwenyewe," akasema. "Leo. Mimi sitamwambia."

Nikaahidi. Nilikusudia kwa moyo wote. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri. Mke wangu akafungua mlango, akamwona samaki, akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Nikaona nisimharibie siku.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi, jikoni. Mke wangu akasema baba yake amepiga simu, amemuuliza kama nimeshamwambia lile jambo. Akaniuliza jambo gani.

Alikuwa amesimama karibu kabisa, birika mkononi. Sentensi ya kwanza nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa fupi.

Nikasema, "Mashua ni yetu sasa."

Akaweka birika chini akalia. Akasema mama yake angekuwepo angefurahi, yeye ndiye aliyekuwa akisema siku zote kwamba mzee atanizoea. Akasema na kwa kuwa baba ameacha kuvua, Jumamosi atakwenda kuchukua nyuzi zake za bluu. Atazitia kwenye fremu, pembeni mwa picha ya mama. Nikamkumbatia. Nilimshika kwa muda mrefu, kwa sababu sikutaka anione uso. Wiki mbili hizi nimejuta mambo mengi, lakini hakuna lililoniuma kama harufu ya nywele zake wakati ananishukuru.

Kisha nikamuuliza, bila kumwachia, lile gauni lake la utotoni lilikuwa bluu ya namna gani.

"Bluu ya kukolea, ila lilipauka kwa jua," akasema. "Nani kakwambia habari za gauni?"

Nikasema baba alilitaja tu.

Kesho nafunga karakana saa nane, napita kwa wauza mitumba upande wa nguo za watoto. Uzi wa gauni kuukuu hauhitaji hata chai. Leo mchana, mke wangu akiwa kwa dada yake, nimejifunza kufunga mafundo kwa mkono wa kushoto. Matano ya kwanza yamefumuka. La sita limelala upande unaotakiwa. Nina siku tano nzima, na nyuzi ninazohitaji ni chache. Sioni jinsi atakavyojua.